Watafiti Vijana: Wavu Huu ni wa Nani?

Mwezi Machi mwaka 2021, taasisi kuu ya Uingereza inayogawa fedha za utafiti iliwatangazia watafiti kwamba fedha walizokuwa wakipewa kutoka katika fungu la misaada ya nchi ile zimepunguzwa, na kwamba kati ya ahadi zilizokwisha kutolewa na fedha zilizobaki pana pengo la paundi milioni 120. Kubwa katika mafungu hayo lilitangazwa mwaka 2015 kwa ahadi ya paundi bilioni 1.5, nalo lilikusudiwa kuwaunganisha watafiti wa Uingereza na wenzao wa nchi maskini. Mwezi Februari mwaka 2025 serikali ile ikatangaza tena kwamba misaada yake yote itashushwa kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027. Mwezi Julai mwaka huo huo shirika la misaada la serikali ya Marekani, USAID, likafungwa rasmi, na kazi zake zilizosalia zikahamishiwa wizara ya mambo ya nje.

Mengi yameandikwa juu ya dawa zilizokosekana na mishahara iliyokatika kwa sababu ya maamuzi hayo, na ilikuwa haki yaandikwe. Lakini liko jambo moja ambalo halikusemwa sana, nalo lawahusu vijana wetu wanaosomea shahada za uzamili na uzamivu katika mambo ya maendeleo: uchumi, kilimo, afya ya jamii, ardhi, maji na kazi. Wengi wao hufanya utafiti wao ndani ya ushirika ulioandaliwa ng'ambo. Fedha za ng'ambo zikikatika, ushirika nao hukatika, na kijana hubaki na karatasi nusu, bila nauli ya kurudi kijijini alikoanza kuuliza maswali.

Hapana budi kujiuliza kwa nini jambo liwe hivyo. Mbona uamuzi uliotolewa London waweza kumtenga mtafiti kijana wa Morogoro na mtafiti kijana wa Eldoret, ambao nchi zao zapakana?

Huenda msomaji wetu, mfanyakazi wa bandari au wa reli, akasema kwamba hayo ni mambo ya wasomi, naye hayamhusu. La hasha, yamhusu sana. Mwaka 1980 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Lagos wakakubaliana mpango wao wenyewe wa uchumi. Mwaka mmoja tu baadaye Benki ya Dunia ikatoa ripoti yake juu ya Afrika kusini mwa Sahara, yenye ushauri wa njia nyingine kabisa: serikali ijitoe katika biashara, ipunguze matumizi, ilegeze thamani ya fedha. Twajua ni ushauri upi uliofuatwa. Mwaka 1986 Tanzania ilitia sahihi mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mfanyakazi aliyepunguzwa kazini katika miaka ile, na mama aliyerudi nyumbani na mtoto mgonjwa kwa kukosa ada, walikuwa wakiguswa na utafiti ambao hawakuuona wala kuulizwa habari zake.

Utafiti wa maendeleo, basi, ni kazi ya kutoa hukumu juu ya maisha ya watu. Anayeuliza swali ndiye anayechagua njia ya kulijibu, na anayelipa mara nyingi ndiye anayechagua swali. Wanafunzi wa leo ndio watakaokuwa washauri wa wizara kesho. Tukijua wamefungamana na nani wakiwa wanafunzi, twaweza kubashiri watamsikiliza nani wakiwa wakubwa.

Zamani nchi zetu zilikuwa na wavu mwingine. Chuo cha Dar es Salaam kilipofungua milango yake mwezi Oktoba mwaka 1961, katika jengo la TANU lililo katika mtaa ambao leo waitwa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1963 chuo hicho, pamoja na Makerere na Nairobi, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kazi zikagawanywa. Aliyetaka udaktari wa tiba alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Kijana wa Nyeri alilala chumba kimoja na kijana wa Songea, wakala ugali mmoja, wakabishana usiku kucha. Hakuna aliyehitaji kuwafundisha namna ya kujuana.

Chuo kile kilivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikatwaa chake. Sababu zilikuwepo: kila taifa lilitaka wataalamu wengi kwa haraka, na halikupenda kungoja nafasi katika chuo kilicho nchi ya jirani. Hatuwalaumu waliofanya hivyo. Lakini mwaka 1977 Jumuiya nayo ilipovunjika, mipaka ikawa mizito, na vyuo vyetu vikageuziana visogo. Kila kimoja kikatafuta rafiki ng'ambo. Leo si ajabu mwanafunzi wa Dar es Salaam kuonana mara ya kwanza na mwenzake wa Kampala katika ukumbi wa mkutano huko Ulaya, kila mmoja akiwa amelipiwa tikiti na mfadhili wake.

Tazama gurudumu la baiskeli. Kila njiti imefungwa katikati, na njiti mbili zilizo jirani hazikutani ila kwa kupitia kitovu. Kitovu kikichomoka, njiti zote zalegea. Sasa tazama wavu wa mvuvi. Kila uzi umefungwa fundo na uzi ulio karibu nao, na hata upande mmoja ukichanika, pande nyingine zaendelea kuvua mpaka mwenyewe aketi ufukweni aushone. Ushirika mwingi wa watafiti wetu vijana huitwa mtandao, lakini ukiutazama vizuri utaona ni gurudumu. Kilichotokea mwaka 2021, kisha mwaka 2025, ni kuchomoka kwa kitovu.

Chukua mfano wa Ziwa Victoria. Nchi tatu zagawana maji yake. Sangara alitiwa humo katika miaka ya 1950, akala samaki wengine, akageuza biashara na chakula cha mamilioni ya watu. Samaki yule hana pasi ya kusafiria. Asubuhi yuko Tanzania, na kesho aweza kuwa Uganda. Mvuvi naye humfuata. Serikali tatu zilitambua jambo hilo, zikaunda mwaka 1994 shirika moja la uvuvi wa ziwa, lenye makao yake Jinja. Sasa fikiri wanafunzi watatu, mmoja Mwanza, mmoja Kisumu, mmoja Jinja, kila mmoja akiandika tasnifu yake juu ya bei ya samaki na deni la mvuvi. Ikiwa kila mmoja ana msimamizi wake, mfadhili wake na karatasi yake ya maswali, hesabu zao hazitalinganishika. Mmoja atauliza mapato ya wiki, mwingine ya mwezi, wa tatu ya msimu. Kazi tatu nzuri zitawekwa katika makabati matatu, na mfanyabiashara anayenunua samaki kwa nchi zote tatu ataendelea kujua zaidi kuliko wasomi wote kwa pamoja. Lakini wakikubaliana tangu mwanzo maswali kumi tu ya namna moja, watakuwa wametengeneza kitu ambacho hakuna mmoja wao angeweza kukitengeneza peke yake, na gharama yake ni barua chache na mazungumzo ya simu.

Liko pia jambo la heshima ya kazi, ambalo wafanyakazi walielewa kabla ya wasomi. Mara nyingi kijana wetu huajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti wa mgeni. Yeye ndiye anayejua lugha, anayejua mzee wa kijiji aamkiwe vipi, anayejua swali lipi halifai kuulizwa mbele ya mkwe. Hutembea juani miezi mitatu. Kisha makala hutoka katika jarida la ng'ambo, na jina lake limewekwa katika shukrani chini ya ukurasa, au halimo kabisa. Kiwandani jambo hilo lina jina lake: ni kumnyima mtu haki ya jasho lake. Na kijana aliyezoea kuchuma kwa ajili ya ghala la mwingine hujifunza kwamba maarifa ni mali ya mwenye fedha. Hilo ndilo somo baya kuliko yote.

Tusije tukadhaniwa kwamba twawafukuza wageni. Vitabu, maabara na walimu wema wametoka kwao, na wako waliofanya kazi nasi kwa haki. Ushirika na watu wa mbali ni mzuri kwa mtu ambaye kwanza ana ushirika nyumbani. Asiye nao huwa mtumishi tu. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na maneno hayo hayakukataza mtu kuwa na fimbo nyingine iliyo mbali. Yaliuliza tu ile iliyo mkononi ni ipi.

Tena fimbo ya mkononi ipo, na imekwisha kujaribiwa. Mwaka 1973 liliundwa huko Dakar baraza la watafiti wa mambo ya jamii katika Afrika, CODESRIA, ambalo katibu mtendaji wake wa kwanza alikuwa Samir Amin. Baraza hilo, katika mambo mengine, limewapa wanafunzi wa Kiafrika fedha ndogo za kuandikia tasnifu. Katika miaka migumu, vyuo vilipokosa hata karatasi, liliwakutanisha watafiti wa nchi zinazosema Kiingereza na zinazosema Kifaransa, ambao ukoloni ulikuwa umewafundisha kutofahamiana. Mwezi Novemba mwaka 1990 wasomi waliokutanishwa nalo Kampala walitoa azimio juu ya uhuru wa fikra na wajibu wa msomi kwa jamii. Mwaka 1999 Thandika Mkandawire, aliyekuwa katibu mtendaji wake, na Charles Soludo wa Nigeria walitoa kitabu juu ya marekebisho ya uchumi, wakijenga juu ya kazi za watafiti wengi wa bara hili. Hapo Afrika ilijibu ripoti ya mwaka 1981 kwa hoja zake yenyewe. Jibu lilichelewa miaka 18, na sababu moja ni kwamba wavu wa kulivulia jibu ulikuwa bado wasukwa.

Mfano wa pili uko Nairobi. Tangu mwaka 1988 ushirika wa utafiti wa uchumi wa Afrika, AERC, umekuwa ukiwaita wachumi kutoka nchi nyingi wasomeane kazi zao na kukosoana. Mwaka 1993 ulianzisha masomo ya uzamili ya pamoja: mwanafunzi husoma katika chuo cha nchi yake, kisha wanafunzi wa vyuo mbalimbali hukutanishwa mahali pamoja kwa miezi kadhaa, wakafundishwa masomo ya kuchagua ambayo chuo kimoja peke yake kisingeweza kuyapatia walimu. Mpango wa uzamivu ulifuata mwaka 2002. Benno Ndulu, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa ushirika huo, ndiye aliyekuja kuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania tangu mwaka 2008 hadi 2018. Soludo alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Nigeria tangu mwaka 2004 hadi 2009. Mtu aweza kupinga sera zao, na wengi walizipinga; lakini hawezi kusema kwamba kujuana kwa watafiti ni mchezo usiofika popote.

Mfano wa tatu ni ushirika wa afya ya jamii, CARTA, ulioanza mwaka 2008 chini ya kituo cha utafiti kilichoko Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Wanafunzi wa uzamivu kutoka Makerere, Moi, Nairobi, Ibadan na vyuo vingine huingia kwa kundi moja, na katika muda wa masomo yao hukutana katika semina nne za pamoja. Wanaanza pamoja wakiwa na mawazo yasiyokomaa, na kila semina huwakuta mahali pengine katika safari yao. Anayejua jinsi tasnifu inavyomtenga mtu na wenzake, hata akatamani kuitupa, atafahamu thamani ya jambo hilo.

Basi mbona twalalamika, kama mifano mizuri hii ipo? Twalalamika kwa sababu hata nyavu hizi zimenunuliwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za ng'ambo. Mwaka 2006, huko Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itenge asilimia moja ya pato lake kwa utafiti. Nchi nyingi hazijafika hapo hata leo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na anayetegemea cha mfadhili wa mbali hata hajui siku ya kufa kwake, maana hutangazwa katika bunge lisilo lake. Wanafunzi hawawezi kulaumiwa kwa kufuata kitovu ikiwa nyumbani hakuna uzi.

Lakini fedha si jambo lote. Upo upande mwingine wa wavu ambao wasomi wenyewe wameusahau, nao ni upande wa watu wanaotafitiwa. Mwaka 1975 ulianza katika wilaya ya Bagamoyo utafiti ulioitwa Jipemoyo, ulioendeshwa na Watanzania na Wafini pamoja, na aliyekuwa mstari wa mbele ni Marja-Liisa Swantz. Watafiti vijana walikaa vijijini, wakachunguza maisha ya wakulima na wafugaji, na wanakijiji wakashiriki kuyataja matatizo na kuyajadili majibu. Utafiti huo ulikuwa na kasoro zake kama kazi yoyote ya binadamu, lakini ulithibitisha jambo moja: mwanakijiji aweza kuwa mwenzi wa mtafiti, na wala si kisima cha kuchotea takwimu. Njia hiyo leo yafundishwa katika vyuo vingi duniani. Ingekuwa aibu mwanafunzi wa Pwani aje kuisoma mara ya kwanza katika kitabu alichokikuta Ulaya.

Na hapa lugha yaingia. Wanafunzi wetu huuliza kwa Kiswahili, huandika kwa Kiingereza, na hawarudi tena. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 wasema kwamba Kiswahili kitakuzwa kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Kama ndivyo, ni kitu gani kinachomzuia mwanafunzi kuandika kurasa nne za Kiswahili juu ya yale aliyoyaona, akazipeleka kwa ofisi ya kijiji, kwa chama cha ushirika, kwa tawi la chama cha wafanyakazi? Kurasa nne hizo zaweza kusomwa Mwanza, Mombasa na Bujumbura. Mvuvi aliyetoa saa mbili za siku yake kujibu maswali ana haki ya kujua majibu yake yaligeuka kuwa nini.

Tunayoyapendekeza hayahitaji kungoja mfadhili. Wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza mwezi Mei mwaka 2017 kwamba eneo lote la Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo lisibaki katika makabati. Kila mwanafunzi wa uzamivu apewe msimamizi wa pili kutoka chuo cha nchi jirani. Vyuo vitoze wanafunzi wa jirani ada ile ile wanayotoza wenyeji. Tasnifu zote ziwekwe wazi mahali ambapo mwanafunzi wa nchi jirani aweza kuzisoma bila malipo, ili mtu asirudie kazi iliyokwisha kufanywa kilometa 300 kutoka kwake. Serikali nazo, zinapotoa vibali kwa watafiti wageni, zitake kuona katika mapatano majina ya wanafunzi wenyeji, kazi watakayofanya, na haki yao ya kuandikwa kuwa waandishi.

Kwa wanafunzi wenyewe tuna neno pia. Wasingoje kuitwa. Wanafunzi sita wa vyuo vitatu waweza kuanza kusomeana sura za tasnifu kila mwezi, kwa masharti mawili: anayesoma aseme kweli, na anayekosolewa asinune. Wagawane vitabu, wakubaliane maswali ya pamoja, waandike makala pamoja na kuweka majina kwa kadiri ya kazi. Wasiifanye elimu kuwa mbio za kila mtu na kibuyu chake kuelekea kisima kimoja, huku wakifichana njia. Ubahili wa takwimu ni ubahili mbaya kuliko wa nafaka, maana nafaka ikigawanywa hupungua, lakini maarifa yakigawanywa hukaguliwa, na yaliyokaguliwa huwa imara.

Na wafanyakazi wasisimame kando. Vyama vyao vina maswali ambayo hayajapata mtafiti: mishahara ya wapakuzi, ajali za migodini, mafao ya wazee, hali ya wasichana wa mashamba ya maua. Navyo viwaite vijana hawa, viwaonyeshe maswali, viwape nafasi ya kukaa na watu. Siku mwanafunzi atakapoona kwamba swali lake limetoka kwa wavuja jasho wa nchi yake, na kwamba mwenzake wa nchi jirani analichunguza swali hilo hilo, hatababaika sana atakaposikia kwamba fungu fulani limefutwa ng'ambo.

Kamba ya wavu hushikwa na wale waliousuka. Nasi tuanze kusuka, hata kama nyuzi za leo ni chache.